Mshipi wa rili haununuliwi kwa macho

Kila nikiketi barazani baada ya sala ya alasiri sikosi kuulizwa na vijana swali moja, nalo ni hili: "Mzee, nitie mshipi gani katika rili yangu?" Huniuliza mimi kwa kuwa wanajua nimevua tangu utotoni, kwanza kwa mshipi wa mkono, kisha kwa ufito na rili, na kwa kuwa siku hizi sina kazi ya haraka inayonikataza kujibu. Na kila nikijibu huziona nyuso zao zimekunjamana. Jibu walilolitaka ni jina la mshipi na duka unapouzwa, na jibu ninalowapa mimi huanza kwa swali: wenda kuvua samaki gani, wapi, na maji yako vipi?

Leo nimeonelea niyaandike haya kwa urefu, maana barazani mtu hukatizwa kila anapofika penye maana. Tena ninayo sababu nyingine ya kuyaandika, ambayo si jambo la kujisifia.

Miaka michache iliyopita, kusi lilipokwisha na maleleji kuingia, mpwa wangu wa Malindi alikuja Mombasa kunitazama. Kijana huyu kazi yake ni bahari. Alikuwa amepata rili kubwa, imetumika lakini bado nzuri, naye alitaka mshipi wa kuijaza. Akaniambia, "Mjomba, kumetoka mshipi wa kusukwa, mwembamba kama uzi wa cherehani, na wavuta kilo 50. Mshipi hunu haukatiki." Mimi mshipi wa namna hiyo nilikuwa nimeusikia tu, sijapata kuushika. Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza. Nilitia mkono mfukoni nikampa fedha, naye akaenda dukani akaununua, akaujaza katika rili mpaka ukingoni, akaifunga ndoana moja kwa moja katika uzi ule bila ya kitu chochote katikati.

Wiki ya pili yake nilikwenda Malindi, tukatoka pamoja kwa mashua ndogo ya mashine, tukapita nje ya mwamba. Chambo chetu kilikuwa ngisi. Breki ya rili alikuwa ameikaza kabisa, kwa hoja kwamba mshipi usiokatika hauna haja ya kulegezwa. Haukupita muda kolekole akashika, na kwa ule mshindo nilijua kuwa si mdogo. Alikwenda chini moja kwa moja kutafuta mawe. Sasa, kwa kuwa uzi ule ulikuwa umezungushwa kwa mkono mlegevu, safu ya juu ilizama ndani ya safu za chini, ikabanwa, na rili ikakataa kutoa. Ufito ukapinda mpaka ncha ikagusa maji. Kijana akafanya lile ambalo kila mtu aliyelelewa na mshipi wa mkono angelifanya: aliupeleka mkono wa kushoto akaushika uzi ili ausaidie ufito.

Sikusikia ukelele. Niliona damu tu katika sakafu ya mashua. Uzi ulikuwa umejizungusha katika kidole cha pete na kile kidogo, ukaingia mpaka mfupani, kisha samaki akafika mawe na uzi ukakatika wenyewe huko chini, uzi usiokatika. Yote haya hayakuchukua nusu dakika. Nilimfunga mkono kwa kikoi changu tukarudi. Daktari alishona alivyoweza, lakini kidole kidogo mpaka leo hakikunji, na kile cha pete hukunja nusu. Kwa karani pengine si kitu. Kwa mvuvi mkono ndio duka.

Dada yangu hakunilaumu hata kwa neno. Alinitilia chai, akaketi, akaniuliza tu, "Ule mshipi ulinunuliwa pesa ngapi?"

Tangu siku hiyo nilianza kusoma na kuuliza habari za mishipi, mambo ambayo ningeliyafanya kabla ya kutia mkono mfukoni. Nami nimefikia rai ambayo wapo watakaoikataa: kwamba rili nyingi za Mwambao huu zastahili nailoni ya kawaida, ile ile ambayo vijana wanaidharau, na kwamba mshipi wa kusukwa una mahali pake ambapo ni bora kuliko wowote, lakini mahali hapo ni pachache na panataka mtu anayejua anachokifanya.

Babu yangu hakuwa na lolote katika haya. Mshipi wake ulikuwa wa pamba, na kila baada ya siku kadhaa aliurowesha katika maji yaliyochemshwa kwa maganda ya mkoko ili usioze, akauanika kivulini. Wazungu waliokuja kuvua kwa mchezo hawakuwa na hali iliyo bora sana. Ernest Hemingway, mwandishi yule wa Marekani, alipokuja kuvua Malindi mwaka 1934, mishipi ya rili kubwa za wakati huo ilikuwa ya kitani, nayo ilibidi itolewe katika rili na kukaushwa kila jioni, ama sivyo ilioza kama yetu. Nailoni yenyewe iligunduliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont huko Marekani, ikatangazwa kwa watu mwaka 1938. Kwanza ilikuwa nywele za mswaki, kisha soksi za wanawake, kisha vita vikaichukua kuifanya miavuli ya askari wa kuruka. Baada ya vita ndipo ilipowafikia wavuvi wa dunia nzima, na ilipofika kwetu wazee waliitazama kwa shaka, maana mshipi unaoonekana kama maji utauaminije? Lakini haukuoza. Hilo peke yake lilitosha.

Mshipi wa kusukwa wa leo ni kitu kingine kabisa. Nyuzi zake ni plastiki ya jamii ile ile ya mifuko ya dukani ambayo serikali yetu iliipiga marufuku mwaka 1997 na ushei, nataka kusema 2017, tarehe 28 Agosti. Ila nyuzi hizi zimevutwa kwa ufundi uliovumbuliwa Uholanzi katika miaka ya 1970 mpaka zikawa na nguvu za ajabu. Hutengenezwa kwazo kamba za meli na fulana za kuzuia risasi. Katika rili uliingia mwanzo wa miaka ya 1990. Uzi wa nailoni wa kilo 15 hukaribia nusu milimita kwa unene. Wa kusukwa wenye nguvu hiyo hiyo huwa nusu ya unene huo au pungufu. Basi hapo ndipo macho yanapodanganyika. Mtu huona uzi mwembamba wenye nguvu nyingi, akadhani amepata vyote viwili bure.

Hakuna cha bure. Nailoni ina tabia ya kuvutika. Ukiivuta kwa nguvu, hurefuka kwa sehemu ya tano hivi au zaidi kabla ya kukatika, yaani mita 100 zaweza kukupa mita 20 za huruma. Wa kusukwa karibu haurefuki kabisa. Mfikirie nguru anayeshika chambo huku chombo kinakwenda mbio na mshipi umekazika nyuma: ule mshindo wa kwanza lazima uende mahali. Kama mshipi ni nailoni, huumeza mshipi. Kama ni wa kusukwa, huenda katika mdomo wa samaki ukaupasua, au katika fundo, au katika ufito, au, kama nilivyoona kwa macho yangu, katika mkono wa mwana wa dada yangu.

Tena kuna mawe yetu. Bahari yetu kuanzia Vanga mpaka Kiwayu imepakana na miamba ya matumbawe, na tumbawe ni kisu. Nailoni nene ikikwaruzwa hupoteza ngozi ya juu na huweza kuishi siku nyingine. Uzi wa kusukwa ni nyuzi nyingi nyembamba zilizoshikana. Ukiwa umekazika ukaligusa tumbawe, huna la kufanya ila kuzungusha rili na kuhesabu ulichopoteza.

Nimesema mawe na mshindo. Sasa niseme breki, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na mshipi mzuri. Breki ya rili yatakiwa itoe mshipi inapofikia robo au theluthi ya nguvu za mshipi, si zaidi. Kwa mshipi wa kilo 15, basi, samaki akivuta kwa kilo 4 au 5 apewe. Vijana huuliza, kwa nini tuwache kilo 10 zilale bure? Hazilali. Gurudumu la rili likiwa limejaa, tuseme upana wake sentimita 10, na wewe umeifunga breki kwa kilo 5, samaki akikimbia nao mpaka gurudumu likabaki na upana wa sentimita 5, breki ile ile ambayo hukuigusa sasa yamvuta kwa kilo 10. Ni hesabu ya upana tu: ukipungua nusu, mvuto huzidi mara mbili. Juu ya hapo ongeza uzito wa maji yanayoushika mshipi mrefu ulio baharini, na fundo ambalo halina nguvu zote za mshipi. Hapo ndipo mtu hurudi nyumbani akiapa kwamba ameuziwa mshipi mbovu, na kumbe ni yeye aliyeikaza breki kwa hofu samaki alipokuwa mbali, saa ambayo ilitakiwa ailegeze.

Na ndiyo maana rili hujazwa ikajaa, ikabaki kama milimita 3 tu kufika ukingoni. Rili nusu tupu huanza safari ikiwa tayari imechoka. Ikijazwa ikapita ukingo nayo hutoa mizungu na mafundo. Wakati wa kuujaza, mtu mmoja aubane mshipi kwa kitambaa chenye maji ili uingie umekazika, na kama ni wa kusukwa, chini yake kwanza pazungushwe nailoni kidogo, maana uzi ule huteleza juu ya chuma na gurudumu zima la mshipi huzunguka peke yake kama kwamba breki imekufa.

Wazee wa mshipi wa mkono walijua mambo haya bila ya sentimita. Mkono wao ndio uliokuwa breki. Nilimwona nahodha mmoja wa zamani, Mungu amrehemu, akimpa changu mkubwa mshipi kidogo kidogo katikati ya vidole alivyovifunga kitambaa, huku akizungumza habari za arusi. Samaki akivuta alimpa, akituwa alimrudisha. Hakuwahi kukaza hofu. Nasikitika nikisikia watu wakisema uvuvi wa mshipi wa mkono ni ushamba na rili ni maendeleo. Rili ni mkono wa chuma tu, na asiyejua kazi ya mkono wa nyama hataijua ya huo wa chuma.

Basi nini cha kutia? Kijana anayevua juu ya majabali, kama wale wa kando ya bahari pale Mama Ngina, na shabaha yake ni changu, kolekole wadogo na chochote Mungu atakachomjaalia, nailoni ya kilo 8 au 10 yamtosha sana. Mwenye kurambaza nguru wakati wa kaskazi achukue ya kilo 15, au 24 kama chombo chake hakiwezi kugeuka upesi, na mbele ya ndoana atie waya, maana meno ya nguru hayachagui nailoni wala wa kusukwa. Sulisuli naye hana meno ya kukata, lakini ule mdomo wake mrefu ni tupa. Kwake yeye hutiwa nailoni nene mita mbili tatu mwisho wa mshipi. Jodari mkubwa ni shughuli nyingine, ataka kilo 37 na mtu mwenye kiuno kizima.

Chewa nampa sentensi yake mwenyewe. Huyu hakimbii mbali, yeye hutaka kurudi nyumbani tu, na nyumba yake ni pango lililo hatua chache nyuma yake, kwa hivyo mchezo wa kumpa na kumrudisha haufai. Hapa mshipi uwe mzito kuliko unavyodhani, na umwinue mara moja au usahau.

Mahali pa mshipi wa kusukwa ni kina kirefu. Nenda Shimoni, toka mpaka mkondo wa Pemba ambako chini ni mamia ya mita. Nailoni huko hukunyima habari: samaki hugonga chambo na kile kipigo huliwa na kule kuvutika kabla ya kukufikia. Na kwa unene wake maji huibeba, ukalazimika kutia chubwi zito kama jiwe la mizani. Uzi mwembamba huyapasua maji, chubwi hupungua, na samaki akigusa tu umejua. Hapo nausifu bila ya kinyongo. Lakini uwe na kipande cha nailoni nene mbele, mita tano hivi, uwe na glavu mkononi, na mkono wako usiushike kamwe ule uzi mtupu wakati samaki yuko upande wa pili. Kama ni kukwama kwenye mwamba, uzungushe katika kipande cha mti ndipo uvute.

Kuna aina ya tatu ambayo wenye maduka wameanza kuisifia, nayo ni flurokaboni. Ilianza kwa Wajapani mwaka 1971. Sifa yake ni kwamba haionekani sana majini, maana mwanga hupita ndani yake karibu kama unavyopita katika maji yenyewe, nayo huzama upesi kuliko nailoni. Mimi naona ni anasa kuijaza rili nzima kwa kitu cha bei hiyo. Kipande kifupi mbele ya ndoana katika maji meupe ya Watamu, naam. Lakini nimemwona mtu akiivua nayo Malindi siku ambayo mto Sabaki umeshuka na mvua, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nani atauona mshipi wako hapo, hata ukitumia kamba ya kuanikia nguo?

Sasa nije kwa wauzaji, na hapa nitasema kwa upole kwa kuwa wengine ni jamaa zetu. Kilo zilizoandikwa katika kibandiko si za kuaminiwa zote. Ipo mishipi ya bei rahisi ambayo kibandiko chake kimeandikwa na mtu asiyewahi kuipima. Hata katika mishipi ya heshima pana jambo la kujua: ipo inayotengenezwa ili ikatike juu ya kilo zilizoandikwa, na ipo ile ya mashindano ambayo sharti ikatike chini yake kidogo, maana rekodi za dunia za uvuvi wa mchezo hupimwa kwa mshipi uliokwisha kurowa maji. Na ni haki kuupima umerowa, kwani nailoni hunywa maji na kupungua nguvu. Dini yetu imetukataza kupunja vipimo, nami sidhani kwamba kipimo kilichoandikwa katika karatasi kina ruhusa ambayo kibaba hakina.

Dawa yake ni rahisi na haitaki mzungu wala maabara. Chukua mtungi wa maji wa plastiki, ule ule wa lita 20 unaopakiwa katika mikokoteni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Rowesha kipande cha mshipi nusu saa, funga fundo lile lile ambalo hulifunga katika ndoana, nalo ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza ili lisijichome kwa msuguano. Ning'iniza mtungi mtupu, umimine maji kwa kata taratibu mpaka ukatike. Nimefanya hivi uani kwangu mbele ya watoto waliocheka mpaka wakachoka, na mshipi mmoja ulioandikwa kilo 15 uliangusha mtungi kabla ya kufika lita 9. Nilirudi nao dukani. Mwenye duka alinitazama, akatazama kibandiko, akasema, "Mzee, lakini imeandikwa." Nikamwambia ndiyo, nimesoma.

Mshipi ukiisha kuwa mzuri nao huuawa na jua. Nailoni iliyoachwa juu ya mashua mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, hufa ndani huku nje ing'aayo. Ioshe kwa maji baridi ya kisima, uiweke kivulini, na kila mwaka ubadilishe, au angalau ukate mita za mbele zilizokwaruzwa. Anayesema mshipi wake una miaka sita anajisifia jambo la hatari.

Na ule uliokatwa usiutupe baharini, tafadhali. Hauozi, ile sifa iliyotufanya tuipende nailoni ndiyo balaa yake. Nimemwona kasa ufuoni, bawa moja limefungwa na nailoni mpaka nyama imevimba pande zote mbili, na aliyeufunga mshipi ule pengine alikuwa nyumbani akinywa kahawa, hana habari. Mimi wangu huurudisha nyumbani nikaukatakata kwa makasi vipande vidogo kabla ya kuutia takani. Wajukuu wananiona nina wazimu.

Kuna jambo jingine ambalo nimeulizwa na msomaji mmoja msikitini, nalo ni hao wavuvi wa mchezo wanaochagua kwa makusudi mshipi dhaifu, wa kilo 4 au 6, kwa samaki wa kilo 40, ili majina yao yaandikwe kitabuni. Mimi siafiki. Samaki wa bahari ni halali yetu bila hata ya kuchinja, na hiyo ni rehema kubwa; lakini kumzungusha kiumbe saa tatu kwa sababu ya uwembamba wa uzi, na huku huna njaa, naona kumeingia kitu kisichokuwa riziki. Wanaomfunga sulisuli alama na kumwacha aende zake ili wajue safari zake, hao nawaelewa, na hata kwao mshipi wa kutosha ndio unaomrudisha samaki akiwa bado ana nguvu za kuishi. Mwenye rai nyingine na aandike.

Kaskazi iliyopita mpwa wangu alikuja tena, na rili ile ile. Hakusema lolote juu ya zamani. Aliiweka juu ya mkeka, akasema, "Mjomba, tutie ipi?" Tukatia nailoni, ya kilo 24, niliyokwisha kuining'inizia mtungi. Yeye alilipitisha gurudumu la dukani katika kalamu ya risasi, akaishika kalamu kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, vile viwili vimenyoka pembeni, na mimi nikazungusha huku nimeubana mshipi kwa kitambaa chenye maji. Tulisimama milimita 3 kabla ya ukingo. Dada yangu, ambaye alikuwa amefuatana naye kuja kututazama, alipita na birika akasimama juu yetu.

"Na huu pesa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akasema ni rahisi kuliko ule. Nikasema ndiyo, ni rahisi kuliko ule.